Vigingi Vyeupe vya Uwanja wa Gofu

Wazungu wa shamba la minazi walikuwa wachache mno kuwa na klabu, lakini klabu walikuwa nayo: banda la makuti, viti vya kukunja, na uwanja wa gofu uliokuwa zaidi wa ng'ombe kuliko wao. Baba alikuwa mkata majani wao. Mlangoni pa banda palipigiliwa ubao wa sheria za mchezo za pale kisiwani Mafia, kwa Kiingereza. Karani wa shamba alimtafsiria baba, naye akatuletea nyumbani kama hadithi. Mpira ukiingia shimo la kaa, utolewe bila adhabu. Kunguru akiuchukua, uwekwe mwingine pale pale. Tulicheka sana. Watu wazima na akili zao wamekaa kikao kwa ajili ya kunguru!

Sheria moja hatukuicheka. Ndani ya uwanja yalikuwamo makaburi ya ukoo wetu, ya tangu minazi haijapandwa, na ubao ulisema mpira ukiangukia humo uachwe, mtu asiingie kuufuata. Ili mpaka ujulikane, baba aliyazungushia vigingi akavipaka rangi nyeupe.

Mdogo wangu wa mwisho alizikwa humo kabla hajaachishwa ziwa. Kwetu mwanamke hafuati maiti. Mama aliwakabidhi wanaume mtoto wake, akabaki ndani. Baadaye baba alimchukua hadi njiani, akamwonyesha kwa mbali.

"Unakiona kigingi kile kilichopinda? Mwanao yuko hapo nyuma yake."

Tangu hapo, kila akienda kisimani mama alisimama pale njiani na ndoo yake tupu, akasoma Fatiha macho kayakaza kwenye kile kigingi. Mzungu mmoja alikuwa akimpigia kelele asogee, mpira usije ukampiga. Mama hakusogea mpaka amalize. Nilimchukia yule mzungu na bado namchukia, ingawa nasikia sheria ya makaburi aliiandika yeye.

Uhuru ulipokuja wazungu wakaondoka mmoja mmoja. Baba naye akafa. Uwanja ukaota magugu, vigingi vikabaki. Kisha ikaja Ujamaa, watu wakahamishiwa kwetu kutoka vitongoji vya mbali, ikaamuliwa uwanja ule uwe shamba la kijiji, la muhogo. Katibu wa tawi, kijana mwenye adabu zake, hakuwa mtu wa kwetu. Alisema alama za mkoloni zing'olewe zote, tena kwa ngoma.

Vijana wakaingia maguguni. Sisi wanawake tulisimama pembeni tukipiga vigelegele, mama yuko mbele, kwani sauti yake ilisifika. Hakuna aliyetaja makaburi. Wenyeji tulidhani hayana haja ya kutajwa, nani asiyeyajua? Wageni waliona vigingi vyeupe, sawa na vile vya kwenye mashimo ya gofu, wakang'oa. Mawe ya tumbawe ya makaburi waliyoyakuta chini wakayatupa kando, yasivunje majembe.

Vigingi vikarundikwa mbele yetu vichomwe. Juu ya rundo mama akakiona kile kilichopinda. Akakatisha kigelegele.

"Hiki mmeking'oa wapi, wanangu?"

"Huko huko uwanjani, mama. Kwani vyote si vya wazungu?"

Katibu alipoelezwa alishika kichwa. Aliapa kwamba wangejua wasingegusa, nami namwamini, na kumwamini hakujanisaidia kitu. Baba mdogo, aliyekuwapo mazikoni, akazunguka zunguka maguguni. "Ni hapa," akasema. Kisha akasema ni pale. Wakaacha kipande bila kulima, lakini kipande chenyewe kilikuwa cha kukisia.

Siku za kazi ya kijiji mama alikwenda kama wengine. Ila hakuchimba. Alikwaruza udongo kwa ncha ya jembe, taratibu, kama anayemkuna mtu mgongo. Muhogo wa tuta lake ulitoka mwembamba kama vidole, na wageni wakamwita mvivu mbele yangu.

"Mama, waambie!" nikamwambia. "Waonyeshe pahala penyewe, wapaache."

Aliegemea mpini wa jembe akalitazama shamba lote, mwisho hadi mwisho.

"Niwaonyeshe wapi? Walikwenda wanaume. Mimi sijapata kufika."

Akainama tena, akaendelea kukwaruza.