Vibamba vya Boti na Kiti cha Mwenyekiti

Mtu wa Thika akikwambia ana boti, lazima umuulize bahari ameipata wapi. Mimi niliulizwa hivyo mtaani kwetu Ngoingwa, mtaa mzima. Nikawa najibu kwamba kuna bwawa la shamba la kahawa upande wa Ruiru, na kwamba boti si yangu, ni ya chama. Tulikuwa wastaafu saba wa kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda. Wenye akili wakistaafu hununua ng'ombe. Sisi tukanunua boti ndogo ya injini, ya mtumba, tuwe tunatembeza wageni wikendi. Kwa vile nilikuwa fundi wa mashine, nikapewa usukani. Mwenyekiti alikuwa aliyekuwa meneja wetu. Hatukumpigia kura, tulimkuta tu ameshakaa.

Siku ya kwanza majini nilipoongeza mwendo, boti iliinua pua hadi nikawa naona mawingu matupu. Nikasimama kwa vidole, nikanyoosha shingo, wapi. Mara nikasikia mtu akipiga mluzi. Nikakata kona bila kujua nakwepa nini. Kumbe ni mvuvi, ameketi juu ya tyubu ya lori na ndoano yake, na tulimpita karibu hadi nikaona vifungo vya shati lake. Nikazima injini. Huko nyuma Mwenyekiti akauliza mbona tumesimama.

Nilifanya kazi na mashine miaka thelathini bila kumkata mtu hata kidole, na sasa nusura niue baba wa watu kwa sababu ya matembezi. Nikawaambia wenzangu sigusi tena huo usukani hadi pua ishuke.

Mkutano ukaitwa kwangu. Ulifunguliwa kwa maombi marefu, chai ikamiminwa, nikaeleza nilichosoma kwenye simu. Kuna vibamba viwili vya chuma vinavyofungwa nyuma ya boti, kimoja kila upande wa injini. Ukiviinamisha, maji yanavisukuma, mkia unainuka na pua inashuka. Basi hapo kila mtu akawa nahodha. Mmoja alitaka vya springi, mwingine vya kukaza kwa mkono. Mwenyekiti alitaka vya umeme, vyenye vitufe, vikubwa kuliko vyote. "Chama chenye heshima hakifungi vibamba vya kitoto," alisema, ikaandikwa kwenye kumbukumbu. Nikasema boti ndogo ikifungwa vibamba vikubwa itachota maji kwa pua. Hiyo haikuandikwa.

Mke wangu alikuwa anaongeza chai. "Kwani huko kwa boti mnakaa aje?" akauliza.

Tukamweleza. Injini iko nyuma, tangi la mafuta nyuma, betri nyuma. Mwenyekiti naye hukaa nyuma kushoto, vile mkubwa hukaa kwenye gari, na kando yake mweka hazina wa kumshikia mkoba. Mwenyekiti, lazima niseme, ni mtu wa mwili. Mke wangu akamtazama, akatazama birika, akarudi jikoni.

"Mzee wangu," aliniambia wageni walipoondoka, "mnataka kununua chuma cha kumnyanyua mtu mwenye miguu yake?"

Nilijua. Nilijua tangu siku tulipopanda, na nikanyamaza kama mjinga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Mkuu asiyesikia hakuna aliyemtungia methali.

Chama kikamwita fundi wa kuchomelea kutoka Kiuu aje apime vibamba. Huyo hakutaka hotuba. Alisema hawezi kukata chuma kabla hajaona boti na mzigo wake wa kawaida. Jumamosi akasimama ukingoni na futi yake, Mwenyekiti akapanda, akaenda moja kwa moja nyuma kushoto. Mkia ukazama hata kabla sijawasha injini.

"Mzee," fundi akaninong'oneza, "huo mzigo hauhamishiki?"

"Huo ndio Mwenyekiti," nikasema.

Fundi akakunja futi.

Nikatafuta yule mvuvi kwa macho. Alikuwa pale pale, na alipoiona boti yetu alianza kupiga maji kwa viganja akikimbilia ukingoni. Nikaona aibu kweli. Mtu anaacha riziki yake kwa sababu mimi namwogopa meneja aliyestaafu.

"Mwenyekiti," nikasema, "njoo ukae huku mbele."

"Mbele hukaa wabeba mizigo."

"Leo utakaa wewe, ama mimi nashuka."

Nilidhani atanifuta kazi, halafu nikakumbuka hakuna kazi. Akainuka polepole, akashika bega langu, boti ikayumba, akapita, akaketi. Nikawasha. Pua ikainuka kidogo, kisha ikalala. Nikaona bwawa lote hadi mibuni ya ng'ambo, na mvuvi juu ya tyubu yake kabla hajafika ukingoni. Nikapunguza mwendo, nikapita mbali naye. Akainua mkono.

Mwenyekiti aligeuka akamtazama hadi tukampita kabisa.

"Huyu mtu alikuwa hapa siku ile?"

"Alikuwa."

Akageuka mbele. "Na mimi nilidhani umesimama bure."

Kumbukumbu za chama zinasema Mwenyekiti, kwa busara yake, aliona vibamba havihitajiki. Nilitia sahihi. Siku hizi hukaa mbele, na akiona tyubu hata kwa mbali, hunigonga gotini kabla mimi sijaiona.