Shemeji na Bakuli Lake

Siku dereva alipomhama mkewe, alihama kama moto: hakubakiza kitu. Alirudisha lori nyuma hadi mlangoni, akapakia kabati, viti vinne, redio na pazia za madirisha yote mawili, kisha akamalizia kwa kupanda juu ya ndoo na kufungua balbu. Kitanda tu ndicho kilichomshinda, wala si kwa huruma. Chini ya kitanda alilala mbwa wake na mfupa wa goti la ng'ombe, na kila dereva alipoinama kushika tendegu, mbwa alinguruma kutoka gizani kama mashine ya kusaga. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alitoka akijifunga leso kidoleni, akasema vibaki vyote viwili, huko anakokwenda kuna kitanda kikubwa zaidi.

Ndivyo mkewe, fundi cherehani, alivyobaki na chumba cha kupanga, cherehani yake aliyokuja nayo kabla ya ndoa, kitanda, na mbwa.

Hakumpenda yule mbwa. Alikuwa dume kubwa la rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala, na kwa kuwa alikuja humo kwa mkono wa dereva, fundi alimhesabu upande wa mume. Alimwita Shemeji. Wateja wapya walipomsikia akisema, "Shemeji, sogea, unadondoshea mate nguo za watu," walitazama huku na huku wakitafuta mwanamume wa kumsalimia.

Kwa mengine yote Shemeji alikuwa mpole kama mgeni wa siku ya kwanza. Ila kitu kikishaingia mdomoni au kwenye bakuli lake, basi. Bakuli lilikaa kando ya mlango, na mlango ulikuwa mmoja, wa kuingilia nyumbani na kuingilia kazini. Akila, mteja alisubiri nje na kitambaa chake kwapani. Akimaliza kula alilamba, na akimaliza kulamba alilaza kidevu juu ya bakuli tupu, akawatazama watu kwa jicho la pembeni kama mlinzi wa benki. Mara moja mteja alidondosha biskuti chini ya cherehani. Shemeji akaenda kulala juu ya pedali, biskuti katikati ya miguu yake, na wala hakuila. Fundi alishona sketi nzima kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Yote hayo yangeendelea kama si mwenye nyumba. Huyu alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya taratibu, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa msumari. Alikuja asubuhi moja kuangalia dari linalovuja, akaruka bakuli wakati Shemeji anakula, na pindo la gauni lake likabaki mdomoni mwa mbwa.

Fundi alilishona pindo palepale, mwenye nyumba amelivaa, amesimama kama mlingoti.

"Mwanangu," alisema mwenye nyumba, "nakupa Jumapili mbili. Jumapili ya pili nitakuja, nitapita mbele ya huyu akiwa anakula. Akininguruma, anaondoka."

"Aondoke hata leo, mama. Mimi simtaki."

"Vizuri. Maana juzi nilimlalamikia bwana yako sokoni juu ya mbwa huyu, akakubali kuja kumchukua nikimwita. Anasema huko kwake kuna wezi."

Fundi aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Nani aje kuchukua?"

"Bwana yako."

"Huyo hachukui kitu tena humu."

"Si umesema humtaki?"

"Simtaki. Lakini nitaendelea kutomtaka hapahapa."

Mwenye nyumba alimtazama, akautazama ukuta uliobaki na alama nyeupe ya kabati. Alipofika mlangoni aligeuka. "Basi mfundishe. Mnyang'anye bakuli katikati ya kula, mara tatu, mara nne. Atajua nani mkubwa."

Fundi alifuata ushauri huo kwa siku nne. Alijifunga kanga kiunoni, akashika fagio mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akavuta bakuli. Siku ya kwanza Shemeji alinguruma alipoguswa. Siku ya pili alinguruma fundi alipokohoa. Siku ya tatu alikula kwa haraka hadi akapaliwa, akatapika, akayalinda matapishi. Siku ya nne alianza kunguruma aliposikia sufuria ikifunuliwa, kabla chakula hakijakuwa chake. Fundi alikaa kitandani na fagio lake lililopungua njiti, akamuona akilini dereva akimtia mbwa kamba na kuondoka naye akipiga mluzi. Alikuwa na mluzi wake, yule, wa mtu aliyeshinda.

Aliyemfumbua macho ni mke wa muuza mbao. Alikuja na mita nne za kitambaa cha gauni, lakini hakukiachia. Alikaa kwenye kigoda, kitambaa mapajani, mikono miwili juu yake. Fundi mwingine aliyemshonea mwaka uliopita alimpunja kitambaa cha kutosha mikono ya blauzi, na baadaye mama huyu akamkuta binti wa fundi huyo amevaa mikono hiyo hiyo kanisani.

Kwa wateja wa namna hii fundi hakuwa na maneno. Alikuwa na desturi yake. Alikata kipande cha kwanza, na vipande vidogo vilivyobaki, hata vya upana wa kidole, akamwekea mama yule mapajani kabla hajaulizwa. Akakata cha pili, akamrudishia tena. Cha tatu, mama yule alianza kuhadithia harusi ya mpwa wake. Cha tano, alisimama mwenyewe, akasema, "Dada, acha niwahi sokoni, nitapitia jioni," akakiacha kitambaa chote mezani bila kugeuka nyuma.

Fundi alimsindikiza kwa macho, halafu akamtazama Shemeji, kidevu juu ya bakuli tupu.

"Kumbe na wewe ulishonesha kwa mwizi," alimwambia.

Na mwizi huyo fundi alimjua. Dereva alipokuwa na wageni, mchezo wake ulikuwa kulivuta bakuli kwa ncha ya kiatu wakati mbwa anakula, akalisukuma huku, akalisukuma kule, wageni wakacheka. Fundi naye alikuwa akipita na sinia la vikombe, akacheka, maana mke wa mtu hucheka. Hakuwahi kujiuliza yule mbwa alikuwa akihesabu nini.

Alitoka moja kwa moja hadi buchani, akanunua maini. Aliyachemsha, akayakatakata vipande vya ukubwa wa vifungo vya koti. Kisha akachukua chaki ya kukatia na utepe wa kupimia, akachora mistari sakafuni kutoka kwenye bakuli: mita mbili, mita moja na nusu, mita moja, nusu mita. Siku ya kwanza alisimama mstari wa mbali, Shemeji akiwa anakula, akarusha kipande cha ini kikaangukia kando ya bakuli, akaondoka zake. Hakuvuta kitu. Shemeji aliinua kichwa, akala ini, akamtazama mgongo kwa mashaka makubwa. Alikuwa kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa mdai wake.

Kila siku alisogea mstari mmoja, na siku mbwa alipokaza shingo, alirudi nyuma mmoja bila kuona haya. Hakuacha kumsema. "Usidhani nakupenda," alimwambia akirusha. "Nakulipa tu." Jumatano ya wiki ya pili alitia ini ndani ya bakuli kwa vidole vyake mwenyewe, mdomo wa mbwa ukiwa humo humo, na mkia ukapiga mguu wa cherehani tap, tap.

Lakini mwenye nyumba si fundi, na mbwa aliyezoea mmoja hajazoea wote. Kwa hiyo kila mteja aliyefika wakati wa bakuli alipewa kipande cha ini mkononi kabla ya kupimwa. Wengi walirusha. Mke wa muuza mbao alikula chake, akashukuru, akasema kimepungua chumvi.

Tatizo lilizuka kwingine. Ili amzoeze kuachia mifupa, fundi alikuwa akimpa ini na kuuchukua mfupa, akausifu, akamrudishia. Shemeji alilielewa somo hilo kuliko mwalimu wake. Alhamisi asubuhi alikuja na kidonge cha uzi mdomoni, akasimama, akangoja. Fundi akampa ini, akachukua uzi. Baada ya muda mfupi akaja na kola ya shati la karani wa posta. Akalipwa. Kisha akaja na kandambili ya jirani, ambayo kuipata ilimlazimu kuvuka ua mzima. "Wewe sasa si mlinzi," alisema fundi, "umefungua duka." Lakini alilipa. Zilikuwa zimebaki siku tatu na hakutaka ugomvi.

Jumapili dereva alifika mapema kuliko mwenye nyumba. Alikuwa na kamba begani, kifurushi cha gazeti mkononi, na viatu vipya vyenye ncha ndefu alivyovivua mlangoni na kuvipanga pamoja, vitazamwe. Alisimama katikati ya chumba akikikagua.

"Umepunguza vitu," alisema.

Fundi aliendelea kuweka wali kwenye bakuli.

Mwenye nyumba aliingia, akakataa kiti na ini pia. "Leo sitaki hongo. Nipite mikono mitupu, tuone."

Bakuli likawekwa. Shemeji akaanza kula. Mwenye nyumba akapita mbele yake, akapita tena, mara ya tatu akasimama kabisa, kisigino chake kikigusa bakuli. Aliyebana pumzi alikuwa fundi, si mbwa. Shemeji aliinua macho, akapunga mkia, akaendelea na wali wake.

"Haya," alisema mwenye nyumba.

"Mama, wali si kitu," alisema dereva. "Mbwa hupimwa kwa mfupa." Akafungua gazeti. Ndani kulikuwa na mfupa wa paja wenye nyama bado. Alimtupia Shemeji, akamwacha agugune hadi mate yakachuruzika, kisha akainama na kuupokonya ghafla, kama zamani, akikodolea macho meno ya mbwa yatoke.

Hayakutoka. Shemeji aliachia mfupa, akakaa kitako, akautazama mkono wa pili wa dereva. Mkono wa pili ulikuwa na kamba. Akangoja. Dereva akaupeleka mfupa nyuma ya mgongo, akacheka peke yake.

"Anasubiri nini huyu?"

"Mkono mtupu haulambwi, baba," alisema mwenye nyumba.

Shemeji alingoja mpaka ikawa dhahiri. Ndipo akainuka, akaenda mlangoni, akachagua kiatu cha kulia, akarudi nacho na kulala juu ya pedali ya cherehani, kidevu juu ya ncha ile ndefu. Dereva alipopiga hatua, ngurumo ikatoka, ile ya chini ya kitanda, na sindano ya cherehani ikatetemeka.

"Umesikia, mama? Amenguruma."

"Nimesikia."

"Basi nampeleka."

"Tulipatana chakula," alisema mwenye nyumba. "Kiatu si chakula."

"Kwa mbwa kila kitu ni chakula."

"Kwangu hapa, kiatu ni kiatu."

Dereva alimgeukia fundi. "Mwambie aniachie."

"Si mbwa wako? Mwambie wewe."

Alimwambia. Alimwambia kwa ukali, kisha kwa jina lake la zamani, kisha kwa mluzi. Aliinama, akakiangalia kidole chake, akasimama tena, mguu mmoja juu ya mwingine kama kuku kwenye matope. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa anataka nini?"

Kwa miaka kumi na saba fundi hakuwahi kumsikia akiuliza kiumbe chochote cha chumba hicho kinataka nini. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Mfupa."

Dereva aliuweka sakafuni, lakini vidole vikabaki juu yake kidogo. Shemeji hakuharakisha. Vidole vilipoondoka, alikiacha kiatu, akachukua malipo yake, akahamia pembeni. Dereva alivaa kiatu chenye matundu manne ya meno, akachukua kamba, akatoka. Safari hii hakupiga mluzi.

"Mbwa abaki," alisema mwenye nyumba, na sasa akakivuta kigoda, akakaa. Alipumua. Macho yake yalizunguka chumba, yakatua kwenye sahani ya maini iliyokuwa mezani. "Hayo yaliyobaki ni ya nani?" aliuliza, akanyoosha mkono.

Kabla hajajua anafanya nini, fundi alikuwa amekwisha kuizungushia sahani mkono wake mzima, kiwiko nje, kidevu chini.

Mwenye nyumba hakuvuta. Aliurudisha mkono wake mapajani, akaanza kuzungumzia lile dari.