Jibu la Ndani ya Tanki

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku Papa Mukalayi alipoharibu kazi yetu ya juma zima kwa ajili yangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Nchelenge. Nilivuka ziwa kutoka Kilwa yetu ya ng'ambo, si ile ya pwani, kutafuta kazi, nikaipata kwenye nyumba ya utafiti walikokuza hamira ndani ya tanki la kioo, wakiilisha sukari ya muhogo ili siku moja iwe chakula cha kuku. Papa Mukalayi, mkuu wangu, alitaka kujua kinachotokea ndani ya hamira inapopewa sukari baada ya kushinda na njaa. Vijidudu vile havina subira. Kabla hujapepesa jicho vimeshabadilika. Ukivichota ukavipeleka mezani polepole, njiani vinaendelea kula, na utakachopima ni habari za chupa, si za tanki. Kwa hiyo tulifungua bomba, tukamwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya mpira wake, kisha yaliyofuata yakaangukia kwenye asidi iliyozikwa katika barafu ya wauza samaki wa Kashikishi. Humo vilikufa papo hapo, vikabaki vile vile vilivyokuwa. Udongo uwahi ungali maji; hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Wewe hukuwepo bado. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, na mama yako akapanda boti kurudi kwao Kilwa bila kuniaga vizuri. Sikumwambia mtu. Majirani Wabemba walinisalimu kila asubuhi, nami nikajibu, “Bwino,” yaani nzuri. Unaijua desturi yetu: hata maiti ikiwa ndani, habari ni nzuri kwanza. Jioni nilirudi kwenye nyumba isiyo na moto, nikala samaki baridi, nikajiambia nitazoea. Mpweke hana hata wa kugombana naye. Nilimkumbuka mama yako mpaka makelele yake.

Basi siku hiyo hamira ilikuwa imeshinda na njaa, sukari i tayari. Mkono wangu ukakosea bomba, nikamwaga yote nje ya asidi. Papa Mukalayi alikuwa mkali kama pilipili, nikangoja matusi.

“Mutoto, kuko nini?”

“Hakuna kitu, Papa. Niko muzuri.”

“Hapana. Ile ni jibu ya mu chupa. Miye nauliza ya mu tanki. Bibi yako iko wapi?”

Kumtaja mama yako tu, nililia, mwanangu, mwanaume mzima, na bomba ningali nimelishika. Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga hewa ya tanki ambayo hamira iliitegemea, na kazi ya juma zima ikaishia hapo.

“Hii tutaikuza tena,” alisema. “Wende ku bwato leo. Hapana kesho.”

Nilipanda boti siku hiyo hiyo, nikamkuta mama yako ameketi nyuma ya jiko la mama yake, nywele hazijachanwa. Hakunipa habari nzuri. Alinitukana, akaniambia kilichomwondoa: sikumlilia mtoto wetu mbele yake hata mara moja. Nikalia hapo, tukalia pamoja. Tulipotulia akasema, “Kama ungekawia kidogo, ungenikuta nimechana nywele, niko muzuri.”

Akarudi nami. Ndiyo maana upo.

Nasaha yangu ni hii. Mtu akikwambia ni mzima, limwage jibu hilo la kwanza, maana lilikuwa limelala ndani ya mpira. Kaa, uliza tena. Na ukiona mkono wake unakosea kazi aliyoizoea, usingoje kesho. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi wetu hatufichi kwa kiburi, tunaficha kwa adabu tu.

Papa Mukalayi hayupo tena. Mama yako naye hayupo. Kila Jumapili baada ya misa unanipigia simu, “Papa, uko muzima?” nami nakujibu mzima. Nyumba iko kimya, mwanangu. Bado napika chakula cha watu wawili.

Mungu akulinde wewe na wanao, akupe wa kukuuliza mara ya pili. Na siku ukija, usipige hodi mlangoni ukangoja nijitengeneze. Ingia tu, unikute nilivyo.