Siku Niliyopeleka Chuo Changu Gerezani

Miaka ile, kabla ya vita vya Wajerumani, nilikuwa mjane kijana nikisomesha Qurani watoto kumi na wanane katika banda la makuti nyuma ya nyumba yetu, mtaani Mkomani. Makuti yalikuwa yameoza. Mvua ikinyesha, watoto waliinamia misahafu ili warowe wao, isirowe misahafu.

Masika ya mwaka mmoja serikali ilikuwa ikitengeneza gereza la mji: boriti mpya, chokaa mpya, dari isiyovuja hata tone. Nilipeleka ombi la kuezekewa banda mara mbili. Nikajibiwa kuwa fungu la gereza lipo, la vyuo vya Qurani halipo.

Asubuhi moja mvua ilitukuta katikati ya sura. Sijui nilipatwa na nini. Niliwaambia watoto wabebe vibao vyao vya kuandikia, tukashika ndia huku tukicheka, maji yakitufika vifundoni, hadi mlangoni pa gereza. Askari akaniuliza tumekuja kumwona nani. Nikamwambia hatukuja kumwona mtu, tumekuja kufungwa.

Maskini, alibabaika. Akaenda kumwita Bwana Mkubwa wa serikali, naye akatoka na mwavuli, akaitazama ile safu ya watoto waliorowa chapachapa.

"Bi Mwalimu, hawa wana kosa gani?"

"Hawana, Bwana. Lakini katika nti hii naona mwenye kosa ndiye asiyerowa."

Aliuma mdomo, kisha kicheko kikamshinda. Alituingiza ukumbini tukamalizia sura yetu, na wafungwa wakaitikia amina nyuma ya mlango. Fedha za chuo, alisema, hana kweli. Ila wafungwa anao, na makuti yaliyoezekewa jiko la gereza yamebaki.

Kesho yake waliletwa wafungwa watano. Kwa siku tatu waliezeka huku wakisoma herufi pamoja na watoto. Mmoja wao, aliyefungwa kwa kuiba mbuzi, alikosea makusudi, na watoto walimkemea kutoka chini huku wakicheka mpaka mbavu zikawauma. Mimi nilijitia kukaza uso, nikashindwa.

Fungu la vyuo halikupatikana mwaka ule wala uliofuata. Lakini siku kazi ilipokwisha niliwapikia wote mkate wa sinia, tukala ndani, wafungwa na wanafunzi bega kwa bega. Mvua ikaanza. Sote tukatazama juu. Halikudondoka hata tone. Tukapiga vigelegele kama watu wa harusini.