Mwaka Mwalimu Kondo Aliponyamaza

Siku niliyoripoti kazini pale chuoni Kibaha, Mkuu wa Chuo aliisoma barua yangu ya uhamisho, akavua miwani, akaisoma tena. Kisha akaniuliza, "Ndugu Damari, hawa watu wa Wizara hawajakosea? Wameandika kwamba wewe ni muuguzi wa magonjwa ya akili."

"Hawajakosea, Mkuu. Ndiyo kazi niliyosomea."

"Hapa hatuna vichaa. Tuna malaria, tuna kuhara, na mitihani ikikaribia tuna wavivu."

Nikamwambia malaria pia naijua. Akacheka, akainuka, akanipeleka mwenyewe hadi zahanati, vyumba viwili vyenye bati na benchi la mbao nje. Alikuwa mtu mrefu, mkali wa sauti, na wanafunzi walimwogopa kama mvua ya mawe. Nilikuja kumpenda mzee yule, lakini siku ile nilimwona ni ukuta tu.

Mimi ni mzaliwa wa Maneromango. Baba yangu alikuwa seremala wa misheni, na masista wa hospitali ya misheni ndio walionitia hamu ya uuguzi. Nilipomaliza mafunzo nilipelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, nikakaa huko hadi miaka ya mwanzo ya uhuru. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa nashinda nikipigana na wagonjwa. La. Kazi ya kwanza niliyofundishwa kule ni kukaa. Matroni wetu alikuwa akinipa kiti na kuniambia, "Kaa na yule. Usimuulize kitu. Akitaka kusema atasema." Nilikaa na mama mmoja asubuhi nyingi bila neno. Siku moja akaniambia, "Binti, sketi yako imechanika." Matroni alifurahi kama tumefunga goli.

Siku hizi nasikia vijana mnasema "sonona" na "ushauri nasaha". Maneno mazuri, na ni vizuri yapo. Sisi tulisema tu mtu "amenyong'onyea", na tuliandika historia ya mgonjwa: analala vipi, anakula vipi, ametoka wapi, nani anampenda. Swali hilo la mwisho halikuwemo kwenye karatasi za serikali. Matroni ndiye aliyeliongeza, nami nikaja nalo Kibaha.

Chuo chetu kilifundisha mabwana shamba na wapimaji wa ardhi. Wanafunzi walitoka kila mkoa. Mwaka wa kwanza nilitoa klorokwini, nikafunga vidonda vya majembe, nikasubiri. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Kijana anaumwa tumbo kila Jumatatu. Msichana kichwa hakimwachi tangu barua ya nyumbani ikome. Nilimpima kila mtu homa kwanza, maana kweli malaria ilikuwapo, kisha nikasogeza kiti.

Kati ya walimu, aliyependwa kupita wote ni Mwalimu Kondo, mkufunzi wa upimaji. Alikuwa mfupi, mcheshi, anatembea haraka huku akihesabu hatua zake kwa sauti kama mzaha. Alikaa na mkewe, Mama Asha, na watoto wao katika nyumba ya chuo, nami nilipanga chumba Tangini, si mbali. Jumapili nikitoka kanisani nilipita kwao kula. Walikuwa Waislamu, na Mama Asha alinitania kwamba ibada yangu inaisha muda ule ule wali wake unapoiva.

Ikafika miaka ya kuhamia vijijini. Chuo kiliombwa kusaidia kupima viwanja vya vijiji vipya wilayani Kisarawe, na Mwalimu Kondo akaongoza kundi la wanafunzi upande wa Mzenga. Walikaa huko wiki kadhaa na kamba zao, vigingi na kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia pembe, wanachokiita theodolaiti. Walirudi wamebabuka na jua, wanafunzi wakiimba garini. Yeye hakuimba.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Lakini Jumapili ile nilimkuta Mama Asha amepakua, na mumewe yuko nje kwenye kigoda anatazama chini. Hakula. Zikapita wiki, akaacha kunyoa ndevu. Akaacha kuhesabu hatua.

Mtu wa kwanza kunijia alikuwa Rehema, kiongozi wa darasa lake, binti wa Tabora asiyejua kuzungushazungusha maneno.

"Shikamoo, Sista. Mwalimu wetu haumwi malaria."

"Marahaba. Kwani nani kasema anaumwa malaria?"

"Ofisini wanasema hivyo. Lakini mimi namwona. Anaandika namba moja ubaoni, anasimama, anaitazama mpaka kengele inalia. Sisi tunanakili masomo ya waliotutangulia ili Mkuu asijue. Lakini Sista, tunaogopa. Juzi ametuomba radhi. Hatujui ametukosea nini."

Mkuu alijua. Siku mbili baadaye aliniita ofisini na kunifungia mlango. Kulikuwa na mkaguzi wa Wizara anakuja mwisho wa muhula, na somo la upimaji lilikuwa limesimama.

"Itabidi niandike Wizarani kwamba Kondo hawezi kazi," alisema. "Nikiandika amechanganyikiwa watamwondoa. Nyumba pia itakwenda. Nisipoandika, wanafunzi watafeli. Niambie wewe uliyesomea, nifanye nini?"

Nilimtazama nikaona hakuwa akitania. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuambiwa kwamba ipo njia nyingine.

"Nipe muhula huu, Mkuu. Mtu aliyenyong'onyea hivi hurudi, asipoaibishwa."

"Na nani atafundisha?"

"Gawaneni."

"Mimi nilisoma jiometri enzi za Mwingereza!"

"Basi hujaisahau. Mlikuwa mnachapwa."

Akagawa vipindi kati ya walimu watatu, na kimoja akachukua mwenyewe. Rehema aliniambia Mkuu alichora duara ubaoni likawa kama kiazi, darasa zima likauma midomo lisicheke, mwisho akacheka yeye. Tangu siku ile wanafunzi wakaacha kumwogopa vile, wala sidhani nidhamu ilipungua.

Kuhusu Mwalimu Kondo, nilimpa vidonge vichache vya kumsaidia kulala, basi. Kule Dodoma tulikuwa na dawa nzito zaidi, klopromazini na nyinginezo, lakini hakuwa mtu wa dawa hizo. Nilimwambia Mama Asha asimlazimishe kula, amwekee kidogo mara nyingi, wala asiwaruhusu majirani kuja kumtazama. Wapo waliosema amerogwa huko Mzenga. Mama Asha aliwajibu kwa adabu kisha akafunga mlango.

Alasiri mimi na mwalimu tulikaa kwenye bustani yangu ya mchicha, Tangini. Nilipalilia, yeye akakaa. Baada ya siku nyingi alianza kung'oa magugu upande wake. Siku moja, bila kuinua kichwa, akasema, "Sista, kule Mzenga kulikuwa na bibi mmoja."

Nikaendelea kung'oa.

"Anaitwa Bibi Mwanaidi. Alikuja kunishika mkono huu. Akasema, baba, nyumba nitahama, mmesema tuhame nitahama. Lakini mume wangu nimemzika pale nyuma ya mikorosho, nani atamfyekea? Nikamwambia, bibi, tutaangalia. Sikuangalia. Nilikuwa na ramani, nilikuwa na wanafunzi, jua linazama. Nikaenda zangu. Sasa kila nikiandika namba ubaoni namwona. Sijui kama yu hai. Naogopa kuuliza."

Hapo ndipo akalia, mkono umejaa magugu. Nami sikumwambia kwamba hana kosa. Mtu mwenye mzigo kama ule ukimwambia hana kosa anaona hukumsikia. Nilimuuliza tu, "Ungependa tukaulize pamoja?"

Aling'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. Kisha akasema, "Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Mkuu alitoa Landrova ya chuo bila kuuliza mengi. Alisema tu, "Mkikwama mchangani msitume salamu kwangu, sukumeni." Tukapita Kisarawe mjini, tukaingia barabara ya vumbi, na kweli tulikwama, tukasukuma, mimi na gauni langu jeupe la kazi. Mwalimu Kondo alisukuma kwa nguvu zote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitumia nguvu tangu arudi. Lakini tulipokaribia kijiji alimwambia dereva asimame. Tukakaa garini mpaka mwenyewe akafungua mlango.

Tulimkuta Bibi Mwanaidi kibarazani anapepeta mpunga. Alikuwa mdogo wa umbo, kanga moja mabegani, macho makali.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwalimu Kondo.

"Marahaba." Akamtazama. "Wewe ndiye yule wa kamba!"

"Ndiye mimi."

"Ala! Nimekungoja. Ulinipimia kiwanja mlango unatazama choo cha jirani. Msomi gani wewe?"

Maskini mwalimu! Amekuja kuomba radhi kwa ajili ya kaburi, anasomewa mashitaka ya choo. Mimi niligeuka kando nijizuie, nikashindwa, nikacheka, na bibi naye akaanza kucheka, ungo unatikisika mkononi.

Lakini kicheko kilipokwisha, mwalimu alipiga magoti palepale mchangani. "Bibi, uliniomba kuhusu kaburi la babu. Nilisema nitaangalia. Sikuangalia. Nimekuja kukuomba radhi."

Bibi aliweka ungo chini. Akakung'uta makapi kwenye kanga yake.

"Nilijua hukuangalia," akasema. "Nilikasirika, nikalia, nikasema watoto wa siku hizi. Miguu yangu haifiki tena kule, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma." Kisha akatazama Landrova. "Gari hilo linafika?"

Lilifika hadi njia ilipokwisha. Mwalimu Kondo akambeba mgongoni sehemu iliyobaki, bibi akimwelekeza kwa kumgonga bega. Tulifika kwenye mahame, pale nyumba yake ilipokuwa, nyasi zimekwisha kuwa kimo cha kiuno. Nyuma ya mikorosho tukalikuta kaburi, limefunikwa na magugu lakini mawe yake yapo. Mwalimu na dereva wakafyeka. Bibi akakaa kwenye mzizi akizungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, akimpa habari za mpunga, za wajukuu, na za choo cha jirani. Mwisho wakasoma dua, yeye na Mwalimu Kondo, nami nikainamisha kichwa changu kwa namna yangu.

Njiani kurudi, mwalimu alilala garini. Alilala mpaka Kibaha, kichwa kinagonga kioo, na dereva akaendesha taratibu pasipo kuambiwa.

Asubuhi Mkuu alinisubiri zahanati, kwenye benchi la wagonjwa. "Amepona?"

"Ameanza, Mkuu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ziko siku alirudi nyuma, akashindwa kutoka kitandani, na Mama Asha akatuma mtoto kuniita. Lakini kabla mkaguzi hajaja alikuwa amesimama darasani, amekonda, amenyoa, anafundisha. Kila kiangazi alikwenda Mzenga na panga, hata baada ya Bibi Mwanaidi kufariki na kuzikwa pale pale kando ya mumewe. Mwalimu ndiye aliyehangaikia ruhusa ile.

Mkuu naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alitoa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, akakipaka chokaa, akaweka viti viwili, na kwenye kikao cha wafanyakazi akatangaza, "Asiyelala vizuri, mwalimu au mwanafunzi, aende kwa Sista. Na asiulizwe na mtu alikwenda kufanya nini." Chumba kile kilitumika. Kilitumika vijana waliotoka vitani walipoanza masomo na kushtuka kila mlango ulipogongwa kwa nguvu. Kilitumika miaka ya foleni za sukari na sabuni, wakufunzi walipokuwa wanashindwa kulisha nyumba zao na wanaona haya kusema. Mkuu mwenyewe alikuja, mkewe alipofariki. Alikaa akaniambia, "Leo sina la kusema." Tukakaa.

Mwaka ule Rais wetu wa kwanza alipong'atuka, nami nikang'atuka. Chuo kiliniaga kwa pilau, nikarudi Maneromango kwenye nyumba ya baba.

Vijana wanaosomea kazi hii huja kuniuliza mbinu. Nawaambia wasome kila kilichopo, wasidharau dawa, wasidharau dini ya mtu, na wasiharakishe. Mkikuta chuo kina mkuu wa kusikiliza, mshukuruni, maana bila yeye kiti chenu hakina mahali pa kukaa.

Na jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha. Miezi ya kwanza ya kustaafu niliamka alfajiri, nikavaa, nikakaa kitandani. Hakuna benchi nje. Nikaacha kupika. Jirani akiniuliza hali, nilisema ni uchovu wa safari, ingawa safari ilikuwa imekwisha zamani.

Siku moja Mwalimu Kondo na Mama Asha wakaingia uani. Hawakuwa wametoa taarifa. Alinitazama, akatazama jiko langu lisilo na majivu, akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Sista," akasema, "wewe unaumwa."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Ninakujua."

Nikataka kumjibu kwamba nina malaria. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikalia, mbele yake, muuguzi mzima na mvi zangu, na yeye hakusema kitu, na Mama Asha akapita kimya kwenda jikoni kuwasha moto.