Kokoto za Kibao cha Hifadhi

Juzi nilikaa kwenye ofisi moja hapa Singida nikisubiri muhuri. Mbele yangu alisimama mama mtu mzima, viganja vimekakamaa kwa kugonga mawe. Aliitwa kwa sababu anapasua kokoto kwenye mlima ulio ukingoni mwa ziwa, wanakoishi pimbi na ndege wanakotagia.

Ofisa, kijana wa kumzaa, hata shikamoo hakutoa. "Pale ni hifadhi. Unaharibu makazi ya wanyama."

"Nimesikia, mwanangu. Sirudii."

Mara akaingia fundi, kofia mkononi. "Bosi, kile kibao cha kukataza watu kupasua mawe, msingi wake unataka kokoto. Nikachukue wapi?"

Ofisa hakuinua uso. "Si zipo palepale mlimani? Za mbali usafiri ghali."

Fundi akaviona viganja vya mama, akamgeukia. "Unazo?"

Mama akafunga kanga yake upya, taratibu. "Mimi nimeshakatazwa. Panda mwenyewe, uwaambie pimbi wahame, wanajengewa kibao."

Damu ilinichemka, na haijapoa. Mama yule alilielewa katazo kwa kuambiwa mara moja. Aliyelitoa ndiye tunayemjengea kibao, na sidhani kama atakisoma.