Saa ya baba inatembea

Jamani, saa ya baba INATEMBEA! Na fundi ni mimi!

Ile ya mkononi, ya kutia ufunguo, yenye siku na tarehe, iliyosimama tangu mama akiwa hai. Ufundi wenyewe nimejifunza kwenye video, hapa hapa mezani kwangu Mabatini.

Leo nafunga springi ya mwisho, nyembamba kama kope, ikachomoka ikaruka! Nikapiga magoti kuitafuta. Mara mlango ukafunguliwa. Baba, katoka Nansio!

"Shikamoo baba, usikanyage!"

"Marahaba. Umepoteza nini?"

Na yeye akapiga magoti. Mzee mzima! Na ndiye aliyeiona, chini ya kabati.

Nikaifunga, nikatia ufunguo, mshale wa sekunde ukaanza kukimbia. Nikampa.

Akaiweka sikioni. Uso ukamshuka.

"Mwanangu, mbona imekufa?"

Nikaichungulia. Si naona mshale unakwenda?

Halafu akacheka mwenyewe, akaihamishia sikio la pili. (Lile la kwanza siku hizi halisikii vizuri.)

"Heee! Inasema!"

Nipongezeni basi! Sasa hivi tunakula sato, na baba kanawa mkono mmoja tu. Ule wenye saa hataki uguse maji.